Mbwa Kijana Aliyeanza Kubwekea Kila Mtu

Ndugu mkulima, mtazame mbwa wako vizuri. Kama ulimleta nyumbani akiwa mtoto wakati wa kupanda mahindi ya mvua za Machi, basi zitakaponyesha mvua za Oktoba atakuwa na umri wa miezi tisa hivi. Alikuwa mpole, akilala jikoni karibu na mafiga na kucheza na watoto wa jirani. Leo miguu imerefuka na tabia imegeuka. Pikipiki ikipita barabarani anaruka mpaka kwenye ua. Kijana anayekusanya maziwa hataki tena kuingia langoni, anasimama mbali na kupiga honi. Mama jirani aliyezoea kupita kandokando ya nepia zako akienda kuteka maji sasa anazunguka njia ya mbali, na amekwisha kuanza kunung'unika.

Huenda umefurahi, ukasema sasa nimepata mlinzi. Au huenda umekata fimbo. Sisi twakuambia kwamba yote mawili yatakuletea hasara. Mbwa wa namna hii si mlinzi bado, wala si mbwa mbaya. Ni mbwa kijana mwenye woga, na woga huo waweza kupunguzwa kwa kazi ya dakika chache kila siku, ukianza mapema na kuendelea mpaka atakapokuwa mtu mzima, yaani karibu miaka miwili.

Jambo hili lahusu sana mtu wa skimu. Katika skimu mashamba yamepimwa na kupangwa moja kando ya jingine, na barabara ya watu wote inapita mbele ya kila lango. Majirani hawakutoka mahali pamoja; jirani wa kulia huenda ametoka tarafa nyingine na wa kushoto wilaya nyingine, nanyi mnaendelea kujuana polepole. Iwe unakaa upande wa Timau chini ya mlima, au Makima kule Mbeere karibu na mabwawa ya mto Tana, watu hupita kwako kutwa nzima: watoto wa shule, wachukuzi wa miraa, mwenye pikipiki, Bwana Mifugo, mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu. Mbwa anayewarukia wote hao anakuharibia ujirani, na akimuuma mtoto mmoja, kesi yake huenda ikala fedha za maziwa za miezi mingi.

Hata hivyo hatuwezi kukuambia usifuge mbwa. Twajua kwamba ng'ombe wa maziwa huibwa usiku, kwamba miraa ya Igembe huchumwa na wezi kabla ya mwenyewe kuamka, na kwamba karibu na msitu nyani na nungunungu humaliza mahindi na viazi. Mbwa anatakiwa. Shida ni mbwa wa namna gani.

KWA NINI ANABWEKA HIVYO

Wengi hudhani kwamba mbwa anayeruka na kubweka ana moyo mkuu. Mtazame tena wakati akifanya hivyo. Je, masikio yameelekea nyuma? Mkia umeshuka au umekazana? Manyoya ya mgongoni yamesimama? Je, anakwenda mbele hatua mbili na kurudi nyuma hatua moja? Hizo ni dalili za mnyama anayetaka kitu cha kumtisha kiondoke. Mbwa mwenye moyo mkuu hubweka mara chache, husimama, hutazama, halafu hukungoja wewe.

Sasa fikiri jambo linalotokea barabarani. Mtu anakuja. Mbwa anamwona, anaogopa, anabweka. Mtu yule hakuwa na haja kwako. Alikuwa akipita tu, basi anapita. Lakini mbwa hajui hivyo. Yeye anaona kwamba alibweka na adui akaondoka. Amejifunza kwamba kubweka kunafaa! Kesho atabweka mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Wakipita watu ishirini kwa siku, mbwa wako amepata masomo ishirini, na mwalimu wake ni barabara. Ukimfunga kwa mnyororo mfupi mbele ya lango kutwa nzima, ndipo masomo yanapokuwa makali zaidi, kwa maana hawezi kukimbia na njia pekee iliyobaki ni kutisha.

Umri wenyewe nao una shauri lake. Mtoto wa mbwa hujifunza mambo ya dunia hasa tangu majuma matatu mpaka majuma kumi na mawili au kumi na manne ya maisha yake. Alichokizoea wakati huo hukiona kuwa cha kawaida, na asichokiona atakitilia shaka baadaye. Watoto wengi wa mbwa katika mashamba yetu hupitisha majuma hayo nyuma ya nyumba, wakiwaona watu wa nyumba moja tu. Halafu, tangu mwezi wa sita hivi, mwili unaanza kukomaa, na mbwa anakuwa kama kijana wa binadamu: anakusikia akitaka, na kitu ambacho jana hakukijali leo kinamshtua. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitangaza utafiti wao juu ya mbwa waliokuwa wakilelewa ili wawaongoze vipofu. Waliona kwamba mbwa wa miezi minane walimtii mlezi wao kidogo kuliko walivyomtii walipokuwa na miezi mitano, ingawa mtu mgeni akiwaamuru walimtii. Basi ukiona mbwa wako wa miezi minane amekuwa kiziwi ghafula, usidhani amerogwa wala usidhani anakudharau. Hali hiyo hupita, lakini mambo anayojifunza wakati huo hubaki.

FIMBO HAIFAI

Twajua kwamba wengi watacheka hapa. Mbwa apigwe, asema mkulima, atajua. Ni kweli atajua, lakini atajua nini? Mtoto wa shule anapita, mbwa anabweka, unampiga. Mbwa anaona kwamba kila mtoto wa shule apitapo, yeye hupata maumivu. Kesho atamchukia mtoto yule zaidi. Na ukimpiga kwa sababu ya kunguruma, atajifunza kutonguruma; woga utabaki ndani na onyo litakuwa limeondolewa. Huyo ndiye mbwa ambaye watu husema ameuma bila sauti. Mngurumo ni kengele, na ukiisikia mpeleke mbwa mbali kisha utafute sababu.

Tena ujue kwamba kumtesa mnyama ni kosa katika Kenya, chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360.

KAZI YENYEWE

Kwanza tengeneza mahali pake. Banda la mbwa liondoe langoni, ulipeleke karibu na zizi, likitazama ng'ombe na si barabara. Kama una ua wa kayaba uliotoboka, ziba matundu kwa matawi, au tundika magunia ya zamani mpaka ua ukue. Asichokiona hakibwekei sana. Kama ni lazima afungwe mchana, usimfunge kwenye mti mmoja. Nyosha waya mnene kati ya nguzo mbili, pitisha pete katika waya huo, na mnyororo uufunge kwenye pete, ili aweze kutembea huku na huku na kufika kivulini. Hakikisha kwamba mnyororo hauwezi kujizungusha kwenye nguzo, na kwamba maji yako karibu. Ukanda wa shingoni uwe mpana, wa ngozi au wa mpira wa gari ulioviringwa kwa kitambaa. Kamba nyembamba ya katani hukata shingo, na mbwa mwenye kidonda ana hasira.

Hayo peke yake yatapunguza kelele kabla hujaanza mafunzo yoyote. Wakulima wengi wakifika hapo huacha, na hilo ni kosa, kwa sababu siku moja lango litakuwa wazi.

Pili, mfunze maneno machache ndani ya boma pasipokuwa na mgeni. Maneno manne yatosha: jina lake, "njoo", "kaa", na "nyamaza". Tumia Kimeru, Kiembu, Kimbeere, Kikamba au Kiswahili, kama upendavyo, lakini watu wote wa nyumba watumie neno lile lile. Baba akisema "njoo" na mama akisema neno jingine na watoto wakipiga mluzi, mbwa atachanganyikiwa kama ambavyo wewe ungechanganyikiwa. Yule anayempa mbwa chakula kila siku, na mara nyingi ni mama au mtoto mkubwa, ndiye afaaye kuanza kazi hii, maana mbwa amekwisha kumwamini.

Malipo ni chakula. Si lazima kiwe cha gharama. Chemsha matumbo kidogo uyakate vipande vidogo kama punje ya mahindi. Au tumia omena waliokaangwa bila chumvi, au ugali mkavu uliolowekwa katika supu. Weka vipande ishirini mfukoni. Mwite jina lake. Akikutazama, mpe kipande saa ile ile. Usingoje mpaka ufike jikoni, maana mbwa huunganisha malipo na jambo alilolitenda punde hii tu. Dakika tano asubuhi na dakika tano jioni kabla ya chakula zatosha. Usimfunze akiwa ameshiba.

Kwa neno "nyamaza" fanya hivi. Akibweka, sema neno mara moja kwa sauti ya kawaida, umsogezee kipande puani. Ili anuse ni lazima afunge kinywa. Akisha nyamaza, hesabu mbili, umpe. Kesho hesabu tatu. Ukipiga kelele, yeye hudhani nawe unabweka pamoja naye.

Tatu ndiyo kazi kubwa, nasi twaomba uisome polepole.

Kila mbwa mwenye woga ana umbali wake. Mtu akiwa mbali kupita umbali huo, mbwa humwona lakini hukaa kimya, na aweza kula. Mtu akiuvuka umbali huo, mbwa hulipuka, na hapo hata nyama hataiona. Kazi yako ni kuujua umbali huo wa mbwa wako. Kwa mwingine ni hatua ishirini, kwa mwingine ni hatua mia. Mfunge kwa kamba imara yenye urefu wa hatua tano au sita, usimame naye ndani ya shamba mbali na barabara, wakati watu ni wachache. Asubuhi mapema kabla ya watoto kwenda shule ni saa nzuri. Mtu atokeapo, mbwa akimtazama bila kubweka, mpe kipande, kisha kingine, kisha kingine, mpaka mtu yule apite. Mtu akisha kwenda, chakula kinakoma. Usimwambie mbwa kitu chochote. Mtu akionekana, nyama inaonekana. Mtu akitoweka, nyama inatoweka.

Baada ya siku nyingi utaona jambo la kupendeza. Mtu atatokea, na mbwa badala ya kubweka atageuza kichwa akutazame wewe, kama anayesema, iko wapi? Siku hiyo umeshinda sehemu kubwa. Sasa sogea hatua mbili karibu na barabara. Hatua mbili tu! Ukisogea ishirini kwa sababu ya furaha, atalipuka nawe utarudi nyuma juma zima.

Akilipuka, usimvute kwa hasira wala usimpige. Geuka naye utembee mbali mpaka aweze kula tena, halafu mwache apumzike siku hiyo. Mbwa akisha kushtuka sana, mwili wake hautulii upesi, na mgeni wa pili atamwona mbaya kuliko wa kwanza.

Jambo hili la chakula na ishara si la kubuni. Mtaalamu Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya namna chakula kinavyosagwa tumboni, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupata chakula baada ya ishara fulani hutoka mate akiipata ishara ile tu, kabla ya kuona chakula. Wewe unafanya vivyo hivyo, ila ishara yako ni mtu anayepita.

Kama unataka mfano wa karibu, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, katika hifadhi ya Lewa iliyo ndani ya Kaunti ya Meru, wako mbwa wanaofuata harufu ya majangili. Mbwa wa kazi kama hiyo hafundishwi kwa kupigwa. Anafuata harufu kwa sababu mwisho wa njia kuna malipo na sifa kutoka kwa mlezi wake. Mbwa wako si wa ukoo wao, na hutafuti majangili, lakini ubongo wa mbwa ni ule ule.

WAGENI LANGONI

Mtu anayepita barabarani ni rahisi kuliko yule anayeingia. Kwa Bwana Mifugo na mtu wa maziwa fanya mpango. Mwambie akupigie simu akiwa njiani, na mbwa umfungie bandani na mfupa kabla mgeni hajafika. Akisha ingia na kuketi, na mbwa akisha tulia, waweza kumtoa kwa kamba akamwone mgeni kutoka mbali. Mgeni asimkazie macho, asimwinamie, wala asimnyoshee mkono kichwani. Na akae upande upande, kana kwamba hakuna mbwa. Akiweza, atupe kipande cha ugali chini bila kutazama. Wazee wengi hupenda kusema "mwache, mimi mbwa hunipenda" na kumwendea moja kwa moja. Mwombe mzee kwa heshima angoje, umletee kiti na chai. Afadhali mzee akuone mtu wa mashauri mengi kuliko apate jino mkononi.

Usidanganywe na mkia. Mbwa mwingine hutikisa mkia ukiwa umesimama juu na umekazana, na mwili wote ni mgumu kama ubao. Huyo anakaribia kuuma. Akijiramba midomo pasipo chakula, akipiga mwayo pasipo usingizi, akigeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, anakuambia kwamba amechoka na jambo hili. Mwondoe.

Watoto wa nyumba wafunzwe pia. Wasimguse akila, akilala, wala jike akinyonyesha. Watoto wa jirani wanaomtupia mawe kupitia ua wanaharibu kazi yako yote. Nenda kwa wazazi wao uzungumze nao kwa utaratibu, ukiwaeleza kwamba mbwa yuko shuleni.

MAMBO YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Wengine huuliza kama kumhasi kutamtuliza. Kumhasi kwafaa kwa sababu hupunguza kuzurura kutafuta majike na kuzaa watoto wasiotakiwa, lakini woga hautoki kwa kisu. Mbwa mwoga akihasiwa bila kufunzwa ni mbwa mwoga aliyehasiwa.

Wengine hutaka kumwachia usiku atembee apendavyo. Hapana. Mbwa wakiungana usiku huwinda mbuzi na kondoo wa watu, na karibu na msitu huingia kusumbua wanyama wa pori. Mfungulie ndani ya ua uliozibwa. Usiku barabara haina watu wengi, na huko kubweka kwake kuna maana.

Na wengine huuliza itachukua muda gani. Kama una bidii, kelele za barabarani hupungua baada ya majuma machache. Lakini tarajia kwamba atarudi nyuma mara moja au mbili kabla ya miezi kumi na minane, hasa jike akiwa katika joto jirani, au baada ya kugombana na mbwa mwingine. Usikate tamaa wala usiongeze ukali. Rudi kwenye umbali wa zamani, uanze tena. Karibu na miaka miwili utaona ametulia. Atabweka mara tatu, atakutazama, na ukisema "nyamaza" atanyamaza. Mwizi hajui kwamba ananyamaza kwa amri yako tu.

Wako mbwa wachache ambao hawatafika hapo. Kama amekwisha kuuma watu kwa nguvu mara mbili bila kuchokozwa, au amemuuma mtoto usoni, usimpe mkulima mwingine kimya kimya kama zawadi. Mwite dokta wa mifugo mzungumze, na kama hakuna njia nyingine, yeye ana dawa ya kumlaza bila maumivu. Ni shauri zito, nasi hatulifichi.

ALIYEBADILIKA KWA SIKU MOJA

Tabia tuliyoieleza hapo juu huja polepole na mwezi kwa mwezi. Mbwa aliyebadilika kwa siku moja au mbili ni jambo jingine kabisa. Kama mpole amekuwa mkali ghafula, au mkali amekuwa mpole kupita kiasi na kujificha gizani. Kama sauti imebadilika, mate yanamtoka, hawezi kumeza, anauma mbao na mawe, au miguu ya nyuma inalegea, usimguse wala usijaribu kumfunza. Mfungie kwa mbali ukiweza, na umwite Bwana Mifugo. Huenda ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja nje kidogo ya Nairobi, na hata leo, zaidi ya miaka mia baadaye, unaua watu wetu. Karibu kila mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa aliambukizwa na mbwa. Dalili zikisha kuonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili waweza kuuzuia. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano kamili, kisha aende hospitali siku ile ile akadungwe sindano, na arudi kwa sindano zote atakazoambiwa. Asipake majani, wala mafuta, wala majivu. Mbwa aliyemuuma, kama ni mzima na ana mwenyewe, afungiwe na kutazamwa siku kumi. Usimuue upesi na kumzika, kwa maana dokta atataka kujua kama alikuwa mgonjwa.

Serikali ilitoa mwaka 2014 mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kufikia mwaka 2030, na njia yenyewe ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi, mwaka baada ya mwaka. Na hapa ndipo mbwa wako kijana anapoingia katika shauri hili. Tangazo la chanjo linakuja, wakulima wanapeleka mbwa wao sokoni au shuleni, lakini yule asiyeshikika huachwa nyumbani kwa sababu hakuna awezaye kumpeleka. Hivyo wale walio karibu zaidi kuuma watu ndio wanaokosa sindano.

Basi mtayarishe kwa siku hiyo. Chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka; kama alikosa, haijachelewa. Mwezi mmoja kabla, mzoeshe kuguswa: shika bega, mpe kipande, shika sikio, mpe kipande, finya ngozi ya shingo kidogo kama sindano, mpe kipande. Mzoeshe pia kitambaa kinywani. Chukua kitambaa kirefu, kizungushe juu ya pua, ukikutanishe chini ya kidevu, halafu ukifunge nyuma ya masikio. Siku ya kwanza kiguse tu puani na umpe chakula. Siku ya nane atakubali kifungwe. Kisikae zaidi ya dakika chache, hasa juani, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema.

Siku yenyewe usiingie katika msongamano. Mtume kijana mmoja akashike nafasi yako, nawe ubaki na mbwa mbali, nyuma ya jengo au chini ya mti, penye umbali wake. Mwambie Bwana Mifugo mapema kwamba una mbwa mwoga. Wengi watakubali kuja mlipo, au kukuita mwisho, watu wakisha kwenda. Mfunge kitambaa dakika ile ile dokta anapokuja, kichwa chake kielekee kwako, zungumza naye kama kila siku. Sindano ni ya nukta chache. Halafu kitambaa kitoke, vipande vyote vilivyobaki mfukoni vimwagwe chini ale, na mrudi nyumbani kwa njia isiyo na watu. Kadi ya chanjo iweke pamoja na karatasi za ng'ombe, mahali pakavu, kwa sababu siku mtu akidai ameumwa ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur wa Ufaransa mwaka 1895. Chanjo yake ndiyo aliyodungwa mwaka 1885 mtoto aliyeumwa na mbwa, na mtoto akapona. Karibu na tarehe hiyo chanjo hutolewa mahali pengi. Kwa mkulima wa skimu ulizia katika ofisi ya mifugo ya wadi yako wiki mbili kabla, na useme idadi ya mbwa ulio nao, pamoja na yule anayekaa nyuma ya zizi ambaye watu hawamjui.